Kiboko Dhidi ya Radi

Jumatatu, 11 Agosti

Kahawa, mkate, chaja. Kama kila asubuhi. Désiré upande wake wa meza, mimi upande wangu. Mmoja akiinuka kwenda kuchukua sukari, mwingine anafunika skrini. Keza anatucheka. Ana miaka tisa na ana akili kuliko wazazi wake.

Leo saa kumi fainali inaanza. Programu za kompyuta zinazocheza sataranji zenyewe, bila mtu. Za klabu yetu nzima zimetolewa, zimebaki mbili: Kiboko, niliyoandika mimi, na Radi, aliyoandika mume wangu. Michezo mitano. Likizo ya shule haijaisha, kwa hiyo sina hata kisingizio cha madaftari ya kusahihisha.

Niandike na lile jambo lingine. Désiré amepewa kazi Arusha. Wanataka jibu kufikia Jumatatu ijayo. Yeye anataka tuhame wote watatu. Mi sitaki kutoka Bujumbura. Tumebishana mpaka maneno yakatuishia, tukabaki kugombana kwa kufunga milango. Halafu siku moja tunakula maharage, akasema basi, mashine ziamue. Programu itakayoshinda fainali, mwenyewe ndiye ataamua tuende au tubaki. Nikasema sawa. Tukapeana mikono juu ya sufuria.

Nilidhani anatania. Baadaye nikagundua na yeye alidhani mi natania. Sasa hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema tuache upuuzi. Vichwa vigumu viwili, nyumba moja.

Jioni. Nimepigwa mchezo wa kwanza.

Tunachezea kwenye stoo ya Bwana Nassor, mjini, nyuma ya duka lake la rangi na misumari. Babu yake alitoka Omani. Yeye mwenyewe hajawahi kufika huko na hana haraka. Ndiye mwamuzi. Ana kahawa chungu, tende, na saa ya mchezo anayoipangusa kila mara kwa leso yake. Kanuni yake ni moja: mashine inafikiri, sisi ni mikono tu. Kiboko inanionyesha hatua kwenye skrini, mimi naisogeza kwenye ubao wa mbao, nabonyeza saa. Désiré anaiandika kwenye kompyuta yake, Radi inajibu, anasogeza, anabonyeza. Hata kama unaona mashine yako inajitia shimoni, unasogeza.

Na mimi niliona. Malkia wote wawili wameshatoka ubaoni, hatari imepungua, ndio wakati mfalme anatakiwa kutoka kwenda katikati kusaidia. Mfalme wangu akakaa pembeni nyuma ya askari wake kama mtu aliyejikinga mvua na mvua imeshaisha. Wa Radi akatembea mpaka katikati akala anachotaka.

Désiré ananiambia tangu zamani: mfalme wako ni mvivu. Kwa sababu amesema yeye, sijabadilisha.

Jumanne, 12 Agosti

Sare.

Umeme ulikatika mchezo ukiwa katikati. Jenereta ya Bwana Nassor ipo, ila esanse hakuna. Foleni ya kituo cha mafuta imefika mpaka mtaa wa pili na yeye amekataa kupanga. Tukabaki na betri. Betri za watu waliooana: zote zimechoka.

Kijana mmoja wa klabu alikuwa na betri kubwa ya sola, yenye tundu moja. Tukawa tunabadilishana. Mi nachomeka, Désiré anaangalia alama ya betri yake ikishuka, anakohoa. Nachomoa, nampa. Kidogo na mimi nakohoa. Hatukusemezana hata neno, tumezoea, nyumbani ndivyo tunavyoishi. Watu wakaanza kucheka. Bwana Nassor akasema hajawahi kuona maadui wanaonyonyeshana. Aibu niliyopata! Lakini nilicheka na mimi. Désiré pia. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hii.

Tukarudi nyumbani na Désiré. Alikuwa anapiga mluzi. Ananiudhi akipiga mluzi kama hakuna kitu.

Jumatano, 13 Agosti

NIMESHINDA.

Kiboko imecheza kama kiboko. Imezama, imetoa macho tu, imengoja. Radi ikatoa farasi sadaka, ikatoa na askofu, ikaja mbio na kila kitu. Watu nyuma yangu wakaanza kunihurumia. Mi nilikuwa nimekaza mikono chini ya meza. Halafu vumbi likatulia na kumbe Radi haina kitu tena mkononi. Imemwaga jeshi lote mlangoni kwangu na mlango haukufunguka.

Moja moja, na sare moja.

Niseme ukweli wa moyo wangu hapa, hakuna anayesoma. Niliona uso wa Désiré ukishuka na nilifurahi. Nilifurahi sana. Nikawaza: nyumba yangu Kinanira, wanafunzi wangu, Mama yangu kule Mutakura na magoti yake, Jumamosi zetu ufukweni na Keza. Kwa nini niviache? Huko Arusha nitakuwa mke wa Désiré. Hapa mimi ni madamu wa hesabu, mutu ananisalimia mpaka ng'ambo ya barabara.

Nimepika ndagala, dagaa wa ziwani. Alikula zote, akasema asante Mama Keza, akaosha sahani. Hana kisirani huyu mwanaume. Ningependa awe nacho kidogo.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo mambo.

Niandike taratibu. Katikati ya mchezo Radi ilikuwa na ngome mbili kwenye mstari wake wa nyumbani, na zote mbili zinaweza kufika kwenye mraba uleule. Désiré akachukua moja, akaiweka hapo, akabonyeza saa. Nikaangalia ubao. Aliyotoa ni ile iliyokuwa inamlinda askari wa upande wa mfalme. Askari amebaki yatima.

Nikaiandika kwenye Kiboko. Papo hapo skrini ikaniambia: farasi, mle askari. Alama zikaruka juu. Mchezo umeisha, nimeshinda, nimebaki Bujumbura.

Nikashika farasi. Mkono ukakataa.

Radi haiachi kitu hivyo. Nimelala kitanda kimoja na aliyeiandika, najua anavyoogopa kuacha kitu bila mlinzi, hata sufuria ya maziwa hawezi kuiacha peke yake. Nikanyoosha shingo nikaona skrini yake. Radi ilikuwa imesema ngome NYINGINE. Mkono wa Désiré ndio ulikosea. Mwenyewe hajaona. Alikuwa anaangalia dirishani.

Sijui nilikaa na farasi hewani kwa muda gani. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, kwa nini asiangalie anachofanya, mutu mzima! Halafu nikarudisha farasi mahali pake, nikainua mkono kumwita Bwana Nassor.

Akaja, akaangalia skrini, akaangalia ubao, akapangusa saa. “Rudisheni,” akasema. “Mashine haikusema hivi.” Tukarudisha. Ngome sahihi ikaenda mahali pake. Mchezo ukavutika, ukavutika, ukaisha sare.

Sare ni nusu nusu, kwa hiyo mbili kwa mbili. Jumamosi ndiyo ya mwisho.

Sikufanya hivyo kwa wema. Ila nisingeweza kuishi kwenye nyumba niliyobaki nayo kwa sababu ya kidole kilichokosea. Kila nikifungua dirisha ningeona ile ngome.

Désiré alinunua samaki wa mukeke njiani, akaukaanga mwenyewe na ndimu. Aliniwekea kichwa, nakipenda.

Ijumaa, 15 Agosti

Hatuchezi. Bwana Nassor ana swala ya Ijumaa, na sisi ni sikukuu ya Bikira Maria. Kila mmoja na Mungu wake, mashine zimezimwa.

Misa Mutakura na Mama. Kanisa limejaa, akina mama na vitambaa vipya. Baadaye ubuswage wa muhogo na maharage kwake. Nikamweleza yote, na mkataba wetu juu ya sufuria pia. Nilijua atacheka. Hakucheka. Alikuwa anamenya vitunguu, akasimamisha kisu.

“Na Désiré anataka Arusha ya nini?”

Nikasema kazi, Mama. Tangu kampuni aliyokuwa anafanyia kazi ifungwe hana ajira, anatengeneza kompyuta za watu pale sebuleni.

“Lakini kazi anafanya. Na munakula. Mi nauliza anataka nini. Ulimuuliza?”

Nikasema tumeongea mwezi mzima. Akasema hakuuliza kama tumeongea. Akaendelea na vitunguu. Mama yangu anaudhi hivyo hivyo tangu nizaliwe. Na magoti yake, akasema, nisiyafanye sababu, yana mwenyewe.

Nimerudi na hasira. Nikafungua kompyuta.

Ndani ya Kiboko kila kitu kina alama. Askari ana zake, malkia ana zake. Na mfalme akikaa nyumbani nyuma ya askari wake anapata alama nyingi. Hizo nilimpa mimi mwaka wa kwanza na sikuwahi kuzigusa. Niliweka nyingi kwa sababu naogopa mfalme akiuawa. Lakini hesabu ni hesabu. Malkia wakishatoka, alama zile zinageuka pingu. Désiré alisema kweli na mi nilijua kwamba alisema kweli.

Nimebadilisha. Mstari mmoja tu: malkia wakiondoka, mfalme atoke. Nikajaribu mara nyingi, Kiboko mpya dhidi ya Kiboko ya zamani. Mpya inashinda. Ya zamani haikuikaribia hata.

Keza alikuwa anaangalia begani kwangu. Akauliza kwa nini sikufanya hivyo Jumatatu. Nikamwambia akapige mswaki.

Jumamosi, 16 Agosti

Stoo ilijaa. Watu wamekaa juu ya makopo ya rangi. Bwana Nassor amevaa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa vizuri kama anaoza binti. Umeme upo. Désiré alininyooshea mkono kabla ya mchezo, wake ulikuwa wa baridi. Wangu pia, nadhani.

Mchezo mtulivu, mrefu. Radi haikurukaruka leo, alikuwa ameifundisha subira, nikaona. Tukabadilishana farasi. Tukabadilishana maaskofu. Halafu malkia na malkia. Nikasikia Désiré akishusha pumzi. Alikuwa anaingoja hiyo, maana hapo ndipo mfalme wangu anapolala.

Skrini yangu ikasema: mfalme, hatua moja mbele.

Nikamsogeza. Désiré akainua macho. Hatua nyingine. Na nyingine. Mfalme wangu akavuka ubao polepole, bila mlinzi, mpaka katikati kabisa, akaanza kuwatafuna askari wa Radi mmoja mmoja. Nyuma yangu mtu akashangaa kwa sauti, “Yampaye inka!” na Bwana Nassor akamnyamazisha kwa kidole.

Désiré alikuwa anatabasamu. Hilo sikulielewa. Anashindwa na anatabasamu, kama fundi anayeona gari aliloshauri liwekwe plagi mpya limewaka.

Mfalme wa Radi hakuwa na pa kukimbilia tena. Bwana Nassor akasimamisha saa, akatangaza. Kiboko bingwa. Makofi. Nikapewa tende za kwanza.

Tulipotoka nje, Désiré alisimama karibu na milango ya chuma ya duka, akatoa simu. Akaandika. Nikamuuliza anaandika nini. Akasema anawajibu watu wa Arusha kwamba hatuji. Nikasema si una mpaka Jumatatu? Akasema, “Ya nini kungoja? Umeshinda.” Akatuma. Akarudisha simu mfukoni, akabeba kompyuta zote mbili.

Nimecheza jikoni na Keza. Tumeimba. Nimebaki! Tumebaki!

Jumapili, 17 Agosti

Misa. Wali, mboga ya lenga-lenga. Nguo za shule za Keza nimezitoa kwenye sanduku, zimekuwa fupi.

Swali la Mama lilikuwa limenikaa kama mfupa wa samaki. Mchana Désiré alikuwa sebuleni na kompyuta ya mteja imefunguliwa, bisibisi mdomoni. Keza amekwenda kucheza kwa majirani. Nikakaa. Nikamuuliza. Si kwa kugombana. Papa Keza, Arusha ulikuwa unataka nini?

Akatoa bisibisi.

Akasema si mshahara. Akasema hapa hawezi kutembea. Kila akitoka, mutu anamuuliza: vipi, ulipata? Kanisani: ulipata? Kinyozi: ulipata? Rafiki wa zamani anashusha kioo cha gari: Désiré, bado tu? Wote wanauliza kwa upendo, akasema. Ndiyo maana hawezi kuwakasirikia. Alitaka tu kwenda mahali ambapo mutu atamuuliza jina.

“Kwa nini hukuniambia?” nikasema.

“Ningekuambia, ungekubali kwa huruma. Mi nilitaka ukubali.”

Na ule mluzi? Akasema anapiga akikaribia watu, ili waone yuko sawa, wasiulize.

Nililia. Sikulia kwa adabu. Miaka yote hii nimelala karibu naye. Naweza kukuambia Radi itafanya nini hatua tatu mbele, na mwenyewe sikuwahi kumwona. Mwezi mzima nimebisha kuhusu mji, kumbe yeye hakuwa anaongea habari za mji.

Nikamwambia aandike tena. Awaambie tumebadili mawazo, tunakuja. Akasema apana, nilishinda kihalali, na hata ngome yake nilimrudishia. Nikamwambia basi nipe simu niandike mimi. Tukavutana. Mwishowe akaandika, nikiwa nimesimama juu yake kama msimamizi wa mtihani. Nilimwona akifuta maneno, akianza upya. Akatuma.

Naogopa wakisema ndiyo. Naogopa zaidi wakisema hapana.

Jumatatu, 18 Agosti

Jibu lilikuja asubuhi. Fupi, la adabu. Wamempa mtu mwingine.

Désiré alinisomea kwa sauti yake ya kawaida. Nilisema pole. Neno dogo mno, lakini lingine sina. Akasema si kitu. Akauliza kama kuna nyanya. Hakuna.

Tukaenda sokoni Kanyosha kwa miguu, sote wawili, jambo ambalo hatulifanyi. Siku hizi naenda peke yangu, au namtuma Keza dukani. Leo nimejua kwa nini yeye haendi. Jua lilikuwa la kiangazi, ziwa chini limefunikwa na vumbi, milima ya Kongo haionekani.

Karibu na soko mtu akamwita. Mwenzake wa kazi ya zamani, mwenye tumbo na furaha, mtu mzuri. Wakashikana mikono, wakaulizana watoto. Halafu ikaja. “Na kazi, muzee? Bado tu?”

Nilisikia Désiré akivuta pumzi ya kuanza ule mluzi wake.

“Alipata,” nikasema. “Kazi kubwa, Arusha. Walimtaka sana. Mi ndiye nilimkatalia.”

Yule mtu akaniangalia, akamwangalia Désiré, akaniangalia tena. Hakujua aweke wapi uso. Akasema ah, wanawake hawa. Nikasema ndiyo, ni sisi. Akatutakia siku njema.

Tukatembea. Mbele kidogo, kwa mama wa mboga, tukakuta jirani yetu mmoja wa kanisani. Na yeye alikuwa amefungua mdomo. Sikungoja aulize. Nikamwambia vilevile.

Kwenye nyanya Désiré aliinama kuchagua. Anazigeuza, anazibonyeza, anazinusa, mama muuzaji anamgombeza kwamba ataziharibu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Nikashika kikapu, nikamwacha achague.